Mpeni Binti Chakula

Somo: Marko 5:21–43



Habari ya binti Yairo twaijua sote. Walimu wa shule ya Jumapili huipenda, na watoto huisikiliza kwa macho makubwa. Yairo, mkuu wa sinagogi, aanguka miguuni pa Yesu. Njiani yaja habari kwamba mtoto amekwisha kufa. Bwana aingia nyumbani, awatoa nje wanaolia kwa makelele, amshika mtoto mkono, naye yu hai. Mahubiri yetu mengi hukoma hapo, maana twadhani ya kuwa neno kubwa limekwisha kusemwa.

Walakini Marko hakukoma hapo. Atuambia mambo mawili zaidi, ambayo msomaji mwenye haraka huyapita: kwamba msichana yule alikuwa na umri wa miaka 12, na kwamba Bwana aliwaagiza walio nyumbani wampatie kitu cha kula. Yeye aliyeweza kuirudisha roho katika mwili uliokwisha kupoa, je! hakuweza kuushibisha mwili huo pasipo sahani? Aliweza. Lakini kazi ya kulisha aliwaachia wenyeji wa nyumba. Mwujiza ulikuwa wake. Chakula kilikuwa chao.

Mwezi huu twapenda kulitafakari pamoja nanyi agizo hilo dogo, kwa sababu wako wasichana, na wavulana pia, na watu wazima, ambao chakula kimekuwa adui kwao. Wamo katika mataifa mengi, na wamo hata katika nyumba za watu wasalio. Ugonjwa wao una jina katika vitabu vya madaktari, lakini katika sharika zetu hutajwa mara chache. Na mara nyingine, ni aibu kusema, husifiwa. Neno letu ni hili: huu ni ugonjwa wa kweli, wa mwili na wa nafsi. Si utakatifu wa kusifiwa, wala si kiburi cha kukemewa. Na kanisa lililosikia agizo la kumlisha binti halina ruhusa ya kumtazama akifa njaa mezani penye chakula.

1. Ugonjwa huu ni nini?

Njaa ya ukame twaijua. Mvua isiponyesha na ghala likiwa tupu, mtu hukonda kwa kukosa. Hatuneni hapa habari ya njaa hiyo. Twanena habari ya mtu ambaye sufuria iko jikoni, ndugu zake wamemwita, naye ajibu, "Nimekwisha kula," wala hakula. Hofu ya kunenepa imemshika, hata akijitazama katika kioo aona mwili mnene pale ambapo wengine waona mifupa. Madaktari huuita ugonjwa huu anoreksia. Mwingine hula kwa siri chakula kingi kupita kiasi, kwa haraka, kama mtu aliyepoteza nguvu ya kujizuia. Kisha kwa aibu hukitoa kwa kujitapisha, au hujiadhibu kwa njia nyingine. Huu huitwa bulimia. Tena wako walao vivyo hivyo kwa siri pasipo kutapika, nao hubaki na aibu ileile na huzuni ileile. Mtu aweza kutoka katika hali moja akaingia katika nyingine.

Watu wengine hudhani ya kuwa ugonjwa huu ni jambo la juzi, lililozaliwa na picha za simu. Si hivyo. Mwaka 1689 daktari Mwingereza Richard Morton alichapisha kitabu juu ya magonjwa ya kukonda, akaeleza humo habari za wagonjwa wawili waliokonda pasipo homa wala kikohozi. Yeye aliona ya kuwa chanzo chake ni huzuni na masumbuko ya moyo. Wa kwanza alikuwa msichana aliyeanza kuugua katika mwaka wa 18 wa umri wake. Alichoka na dawa, akazikataa, akafa. Wa pili alikuwa mwana wa mchungaji, kijana wa miaka 16, aliyejitesa mno kwa masomo. Huyu alishauriwa aache vitabu, akakae shamba na kunywa maziwa, naye akapata nafuu kubwa. Basi tangu mwanzo wa habari hizi twaona msichana na mvulana pamoja, na twaona ya kuwa nyumba ya mchungaji nayo haikupitwa.

Mwaka 1873 madaktari wawili, William Gull wa London na Charles Lasègue wa Paris, waliueleza ugonjwa huu upya, kila mmoja kwa njia yake, na Gull ndiye aliyeupa jina la anoreksia. Mwaka 1979 daktari Gerald Russell, naye wa London, aliueleza ule wa pili, yaani bulimia. Twataja miaka hii ili mzazi asije akadhani ya kuwa mtoto wake amepatwa na jambo ambalo hakuna aliyepata kuliona.

2. Yanayoupata mwili

Mungu aliuumba mwili kwa hekima. Ukikosa chakula hauanguki mara moja, bali huanza kubana matumizi, kama mama wa nyumba aonaye unga wake unapungua. Kwanza hupunguza kuni, kisha huuza vyombo, na mwisho hubomoa milango ya nyumba ili apate cha kuchoma.

Vivyo hivyo mwili hupunguza kuni zake. Mgonjwa husikia baridi hata jua likiwa kali, na vidole vyake huwa vya baridi. Moyo hupiga polepole. Akiinuka kwa ghafula huona kizunguzungu, na pengine huanguka kanisani wakati wa kusimama kwa sala. Ngozi hukauka, nywele za kichwani hunyonyoka. Lakini juu ya mikono, mgongo na uso huota nywele laini zile tuziitazo malaika, kama za mtoto mchanga, ndiyo dalili ya mwili unaokosa chakula na mafuta. Kwa msichana damu ya mwezi hukoma, na aliye bado kukua huacha kurefuka. Tumbo nalo hulegea, hata matonge machache humfanya ajione amevimba. Hivyo asemapo, "Nimeshiba," si kila mara asema uongo.

Kisha mwili huuza vyombo vyake. Huila nyama yake wenyewe, hata nyama ya moyo, maana moyo nao ni msuli. Mifupa, ambayo katika miaka ya ujana yapaswa kuwekewa akiba ya maisha yote, hupoteza uimara wake. Kijana wa miaka 20 aweza kuwa na mifupa ya bibi kizee, na kilichopotea katika miaka ile si rahisi kukirudisha chote.

Yeye ajitapishaye, kwa macho huenda hakukonda kabisa, ndiyo sababu ugonjwa wake hujificha miaka mingi. Lakini asidi ya tumbo huyala meno yake, tezi za mate huvimba mashavuni, koo huwaka na kuuma. Zaidi ya hayo, chumvi zilizo katika damu hupungua, hasa ile iitwayo potasiamu. Moyo wahitaji chumvi hiyo ili upige kwa taratibu. Ikipungua sana, moyo waweza kusimama ghafula pasipo onyo, hata kwa mtu aliyeonekana jana kuwa mzima. Katika magonjwa yote ya nafsi, anoreksia imo miongoni mwa yale yauayo zaidi kwa kadiri ya idadi ya wagonjwa wake. Wengine hufa kwa udhaifu wa moyo na mwili, na wengine hujiua kwa kukata tamaa. Wahenga walisema kweli: mficha maradhi, kifo humfichua.

3. Yanayoipata nafsi

Hapa twapenda kuwaeleza jambo lililofanyika Marekani mwishoni mwa vita kuu ya pili. Vijana 36, wanaume wenye afya, walikataa kubeba silaha kwa sababu ya imani yao. Wengi walikuwa watu wa makanisa yafundishayo amani, yaani Kanisa la Marafiki, la Wamennonite na la Brethren. Walijitoa kwa hiari ili madaktari wapate kujifunza jinsi ya kuwalisha watu walioharibiwa na njaa ya vita huko Ulaya. Katika Chuo Kikuu cha Minnesota, chini ya daktari Ancel Keys, kwa muda wa miezi 6 ya mwaka 1945 walipewa chakula kama nusu ya kile walichozoea, huku wakitembea na kufanya kazi. Walipoteza kama robo ya uzito wao. Habari zao zilichapishwa mwaka 1950.

Waliokuwa wachangamfu wakawa wakimya. Wapole wakawa wakali kwa neno dogo. Waliacha mizaha na urafiki, wakakaa peke yao. Mawazo yao yote yakawa ni chakula: walikiota usiku, walisoma vitabu vya mapishi kwa saa nyingi, walikaa na sahani muda mrefu wakila polepole, walilamba vyombo. Huzuni iliwashika, na mmoja akajikata vidole vitatu kwa shoka, asiweze yeye mwenyewe kusema kama alikusudia au hakukusudia. Na chakula kiliporudishwa, wengine walikula hata kupita kiasi, wasijue kushiba, na akili zao hazikutulia mara moja.

Wapenzi, yatafakarini haya. Watu hawa hawakuwa wagonjwa wa nafsi, wala hawakuogopa kunenepa. Walikuwa Wakristo imara waliokwenda kwa upendo. Njaa peke yake ilizibadili nyuso za roho zao. Basi tunapomwona binti aliyekuwa mcheshi sasa amekuwa mkali, ajitenga, akaa jikoni akiwapikia wengine vyakula vizuri asivyovionja, asema uongo juu ya alichokula, tusikimbilie kunena habari za tabia mbaya. Mengi ya hayo ni njaa yenyewe inenayo kwa kinywa chake. Na juu ya njaa hiyo mgonjwa wetu ana mzigo ambao wale vijana hawakuwa nao: sauti ya ndani imwambiayo ya kuwa kila tonge ni kushindwa, na ya kuwa hastahili kula.

Sauti hiyo ndiyo taabu kubwa ya ugonjwa huu. Humfanya aogope sherehe, aogope mwaliko wa jirani, aogope hata mlo wa Krismasi. Aibu humfunga kinywa. Ajitapishaye hujichukia baada ya kila mara, na kwa kujichukia hurudi katika jambo lilelile apate kusahau. Naye atazamwapo na watu wasemao, "Mbona huli tu?" huona ya kuwa hakuna amwelewaye, na upweke wake huzidi.

4. Ugonjwa huu watoka wapi?

Hauna mzizi mmoja. Madaktari wameona ya kuwa hali ya kuupata huweza kurithiwa katika damu ya ukoo. Tena huja kwa msiba, kwa kuteswa, kwa kudhihakiwa mwili shuleni au nyumbani, kwa hofu ya mitihani, kwa kutaka kuwa mkamilifu katika kila jambo. Mara nyingi huanza kwa jambo dogo tu, kama kupunguza chakula kwa majuma machache; kisha mlango hujifunga nyuma yake, asiweze kurudi kwa nguvu zake mwenyewe. Hakuna mtoto ajichaguliaye ugonjwa huu, wala si wazazi wanaoufanya.

Hata hivyo macho nayo hufundishwa. Katika visiwa vya Fiji, desturi ya zamani iliusifu mwili uliojaa, kama ilivyokuwa kwetu katika nyumba nyingi, ambapo kumwambia mgeni, "Umenenepa," kulikuwa ni kumpa heri. Mwaka 1995 televisheni ilifika katika jimbo moja la visiwa hivyo. Daktari Anne Becker wa Marekani aliwauliza wasichana wa shule wa huko mwaka uleule, hakupata hata mmoja aliyesema ya kuwa hujitapisha ili apunguze mwili. Mwaka 1998 aliwauliza tena wasichana wa shule. Safari hii zaidi ya mmoja katika kila 10 alisema ya kuwa hufanya hivyo. Muda wa miaka mitatu tu ulitosha kugeuza sifa ya vizazi vingi. Basi asiwepo mtu miongoni mwetu asemaye, "Hayo ni magonjwa ya Wazungu." Picha zilizoingia Fiji kwa televisheni zaingia kwetu kwa simu, katika mkono wa kila kijana, mchana na usiku.

5. Kufunga na kujinyima si jambo moja na ugonjwa, lakini vyaweza kuvaa nguo moja

Neno hili twawaambia hasa walimu wa dini na wazee wa kanisa. Kufunga kumo katika Maandiko, nasi hatukukatazi. Lakini Bwana alifundisha katika Mathayo 6 ya kuwa afungaye asikunje uso wala asitafute kuonekana. Na katika Isaya 58 Mungu aikataa saumu isiyomfungua mwenye kuonewa wala kumgawia mwenye njaa mkate. Mtume Paulo awaonya Wakolosai, katika sura ya pili, ya kuwa kuutesa mwili kwaweza kuwa na sura ya hekima, lakini hakuna faida.

Historia ya Kanisa yatuonyesha hatari hii. Katarina wa Siena, mwanamke mwenye bidii nyingi na upendo kwa maskini, alizoea tangu ujana kujinyima chakula, hata mwishoni hakuweza tena kula ingawa waungamishi wake walimwamuru ale. Alikufa Roma mwaka 1380, umri wake miaka 33. Hatumhukumu mtumishi wa Mungu. Twasikitika tu ya kuwa wengi walistaajabia kufunga kwake, na wachache waliuona ugonjwa.

Baba yetu Martin Luther aliijua njia hii kwa mwili wake. Alipoingia utawa huko Erfurt mwaka 1505, alifunga na kukesha kupita kiasi ili apate amani na Mungu, akaudhuru mwili wake, na amani hakuipata. Aliipata alipojua ya kuwa haki ya Mungu ni kipawa, kipokewacho kwa imani. Kwa hiyo, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, alifundisha ya kuwa kufunga kabla ya Chakula cha Bwana ni mazoezi mema ya nje, lakini astahiliye kweli ni yule aaminiye ahadi ya Bwana iliyotolewa kwa ajili yake. Tena, alipoieleza Sala ya Bwana, katika ombi la riziki aliingiza mahitaji yote ya mwili, na hata rafiki na majirani wema akawahesabu ndani yake. Na mwaka 1530, alipomwandikia Hieronymus Weller, mwalimu wa watoto wake aliyekuwa akisumbuliwa na huzuni nzito, hakumwambia afunge zaidi wala ajitenge apate kusali. Alimwambia aukimbie upweke, akae na watu, acheke na kunywa pamoja nao.

Basi, mwalimu, ukimwona kijana afungaye mara nyingi kuliko wengine wote, naye akonda, ahuzunika, akataa kula hata saumu iliyotangazwa imekwisha, usimsifu mbele ya usharika. Sifa yako yaweza kuwa kamba shingoni mwake. Mwambie kwa upole ya kuwa kwake yeye, kwa wakati huu, kula ndiko kutii. Mgonjwa wa namna hii asifunge, wala asiruhusiwe kuona ya kuwa amepungukiwa na imani kwa sababu hafungi.

6. Yatupasayo kufanya

Kwanza, mpelekeni hospitali, wala msingoje hata awe mifupa mitupu. Azimiapo, mapigo ya moyo yakiwa ya polepole sana au yasiyo na taratibu, akitapika mara kwa mara, au akinena habari za kujiua, ni siku ileile. Maombi na daktari havigombani. Tusimtangazie mgonjwa ya kuwa ana pepo, wala tusimwekee maombi ya kufunga, maana kufunga ndiko kumwuako.

Pili, msimlishe kwa ghafula na kwa nguvu. Watu waliokaa na njaa muda mrefu wakilishwa mengi mara moja, chumvi za damu zao huvurugika, na moyo waweza kushindwa. Baada ya vita ile ya 1939 hadi 1945 walikuwako walionusurika njaa wakafa kwa kulishwa. Aliyekonda sana na alishwe kwa mashauri ya madaktari, kidogo kidogo, huku damu yake ikipimwa.

Tatu, ninyi baba na mama, msijione mmefukuzwa kazini. Gull, katika karne ya 19, alidhani ya kuwa jamaa wa mgonjwa kwa kawaida ndio wauguzi wabaya kuliko wote. Lakini tangu miaka ya 1980, katika hospitali ya Maudsley huko London, madaktari walijifunza ya kuwa mtoto mgonjwa hupona vizuri zaidi mara nyingi wazazi wakirudishiwa kazi ya kumlisha. Huwafundisha kuketi naye mezani kila mlo, kwa uthabiti na kwa upole, pasipo matusi wala kubembeleza kusiko na mwisho, hata atakapoweza tena kujilisha mwenyewe. Je! hayo si mambo ya nyumbani kwa Yairo? Bwana aliwatoa nje waombolezaji na wenye kucheka, lakini baba na mama aliwaingiza ndani pamoja naye. Kisha kazi ya chakula akaiacha nyumbani.

Nne, tuzilinde ndimi zetu. Kwaya, arusi, shule na uwanja wa kanisa ni mahali pa maneno mengi juu ya miili ya watu. Tusimwite mtoto kwa jina la unene wake au wembamba wake, hata kwa mzaha. Naye aanzaye kupona tusimwambie, "Sasa umenona," maana sikio lake lililojeruhiwa husikia hukumu. Tumwambie, "Tumefurahi kukuona." Hilo latosha.

Tano, tusichoke. Kupona kwa ugonjwa huu mara nyingi huchukua miaka, na kurudi nyuma si ajabu. Lakini watu wengi hupona, na apataye msaada mapema ana tumaini kubwa zaidi. Majirani wema, ambao Luther aliwahesabu ndani ya riziki ya kila siku, ndio hawa: rafiki ajaye kuketi tu wakati wa chakula, mama mkwe asiyeuliza maswali, mwalimu wa shule amwonaye mtoto akigawa chakula chake kila siku naye asinyamaze.

Na wewe usomaye haya kwa siri, ujuaye ya kuwa twanena habari zako, twakuambia wewe mwenyewe. Hukujiletea ugonjwa huu, wala Mungu hakukuchukia. Mwambie mtu mmoja leo: mama, shangazi, mchungaji, muuguzi. Sauti ikuambiayo ya kuwa hustahili kula si sauti ya Mchungaji Mwema. Yeye haulizi uzito wa kondoo abebaye mabegani. Njoo katika Meza yake, ambapo mkate hutolewa kabla mtu hajastahili, na mwenye kuutoa ajua jina lako. Huko ndiko tujifunzako sote ya kuwa chakula si ujira wa wema wetu. Ni zawadi, nayo zawadi hupokewa kwa mikono mitupu.

Tuombe. Ee Bwana Yesu Kristo, uliyemshika mkono msichana wa miaka 12 ukamrudisha kwa wazazi wake, wainue leo wote walioogopa kuishi. Wape madaktari akili, wape wazazi uvumilivu, utupe sisi wa usharika wako macho ya kuona na ndimi za upole. Tufundishe kula kwa shukrani na kulisha kwa upendo, hata siku ile utakapotuketisha sote mezani pako. Amina.